Pikapu Namba 54 na Deni la Miaka Hamsini

Uwanja wa mbio za magari wa Martinsville, jimboni Virginia nchini Marekani, ni mkongwe kuliko chama kinachosimamia mbio zenyewe. H. Clay Earles aliufungua tarehe 7 Septemba 1947, njia yake ikiwa ya udongo mtupu. NASCAR, chama cha mbio za magari yaliyoundwa kwa sura ya magari ya kawaida ya barabarani, kilianzishwa miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1948. Lami ilimwagwa mwaka 1955. Mwaka 1976 kona zikawekewa zege, maana magari yalikuwa yakiinyofoa lami kila yalipokata.

Ni uwanja mdogo. Mzunguko mmoja haufiki mita 850: njia mbili zilizonyooka, kila moja ya mita 244 hivi, zimeunganishwa na kona kali zenye mwinamo wa nyuzi 12 tu. Mashabiki huufananisha na kibanio cha karatasi. Dereva hukanyaga mafuta kwa nguvu zote, na kabla hajatulia anakanyaga breki kwa nguvu zilezile, anakata kushoto, anatoka konani, anakanyaga mafuta tena. Raundi moja humchukua sekunde kama 20. Mbio zikikolea, diski za breki huwa nyekundu kwa joto, na jioni huonekana zikiwaka ndani ya magurudumu. Njia ya ndani ndiyo yenye faida. Anayesukumwa kwenda nje anaweza kupitwa na magari kadhaa kabla hajapata upenyo wa kurudi ndani. Ndiyo maana hapa bampa hutumika sana, na ni nadra gari kumaliza mbio likiwa halina mkwaruzo.

Zawadi yake nayo ni ya pekee. Tangu 1964 mshindi wa Martinsville hukabidhiwa saa ndefu ya mbao, ile ya kusimama sakafuni, kwa sababu sehemu hiyo ya Virginia ilikuwa ya viwanda vya samani, na saa hizo zilikuwa zikitengenezwa Ridgeway, jirani kabisa na uwanja.

Jumamosi ya tarehe 26 Oktoba 2013, saa hiyo ilichukuliwa na kijana wa miaka 20 aliyeshinda mbio za pikapu za raundi 200. Jina lake Darrell Wallace Jr., ambaye wengi humwita Bubba. Mara ya mwisho mtu mweusi kushinda mbio katika madaraja ya kitaifa ya NASCAR ilikuwa tarehe 1 Desemba 1963. Ilibaki mwezi mmoja na siku chache itimie miaka 50.

Aliyeshinda mwaka ule wa 1963 alikuwa Wendell Scott wa Danville, mji ulio kiasi cha kilomita 50 kutoka Martinsville. Habari ya pikapu ya Wallace haiwezi kusimuliwa bila yeye.

Scott alizaliwa Danville tarehe 29 Agosti 1921. Ulikuwa mji wa tumbaku na viwanda vya nguo, na katika siku za mwisho za vita vya wenyewe kwa wenyewe, Aprili 1865, uliwahi kuwa makao ya serikali ya majimbo ya Kusini yaliyopigania utumwa. Kijana huyo hakutaka kufungwa kiwandani. Aliendesha teksi, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia akatumikia jeshi Ulaya akiwa fundi wa magari, katika vikosi ambavyo askari weusi walitengwa na wenzao weupe. Aliporudi alifungua gereji. Usiku alikuwa na kazi nyingine: kusafirisha pombe haramu kwa gari alilolitia nguvu mwenyewe, ili polisi wasimfikie.

Kazi hiyo ya usiku ndiyo iliyomfungulia mlango. Mwaka 1952 waandaaji wa mbio za Danville walitaka kuongeza watazamaji, wakaona wakimpata dereva mweusi, watu weusi wa mjini watanunua tiketi. Wakawaendea polisi, wakauliza ni nani dereva mweusi mwenye kasi kuliko wote. Polisi walikuwa na jibu tayari, maana walikuwa wamekwisha kumkimbiza. Tarehe 23 Mei 1952 Scott akashindana kwa mara ya kwanza.

Muda si mrefu alilikokota gari lake mpaka Winston-Salem, North Carolina, kwenye mbio zilizosimamiwa na NASCAR. Maofisa wakamkatalia: watu weusi hawaruhusiwi. Akarudi nyumbani, akaendelea kushindana katika viwanja vidogo vya Virginia ambavyo havikuwa chini ya chama hicho, akishinda mara kwa mara na kutukanwa mara kwa mara. Mwaka uliofuata, huko Richmond, msimamizi mmoja wa NASCAR aitwaye Mike Poston alimpa leseni bila kuyauliza makao makuu ya chama. Kwa namna hiyo Scott akaingia.

Mwaka 1959 alikuwa bingwa wa Virginia katika daraja la chini. Tarehe 4 Machi 1961, huko Spartanburg, South Carolina, akaanza daraja la juu kabisa. Hakuwa na mfadhili wa maana. Alinunua magari na vipuri vilivyokwisha kutumiwa na wengine, akatengeneza injini kwa mikono yake, na mafundi wake walikuwa wanawe. Kuna viwanja vilivyomzuia, Darlington kikiwa kimojawapo kwa miaka kadhaa. Kuna madereva waliomgonga kwa makusudi. Naye hakuwa na uwezo wa kulipiza, kwa kuwa gari likivunjika hakuwa na jingine.

Jacksonville, Florida, tarehe 1 Desemba 1963. Uwanja wa udongo, raundi 200, zawadi ya dola 1,000. Scott aliendesha Chevrolet ya mwaka 1962, namba 34, aliyoinunua kwa dereva mwenzake Ned Jarrett. Zikiwa zimebaki raundi kama 25, alimpita Richard Petty, ambaye gari lake lilikuwa limeharibika, akashika uongozi. Akakimbia mpaka mwisho. Bendera ya mirabaraba, ile ya kumtangaza mshindi, haikupepea. Akaendelea kuzunguka. Mwishowe ikapepea kwa mwingine: Buck Baker, mzungu, akatangazwa mshindi, akakabidhiwa kikombe mbele ya watu na kupigwa picha.

Scott akadai karatasi zikaguliwe. Enzi hizo raundi zilihesabiwa kwa mkono, kila gari na mtu wake wa kuliandikia, na hesabu ilipopitiwa upya ikaonekana wazi: Scott alikuwa amemtangulia Baker kwa raundi mbili nzima. Maofisa walikiri saa kadhaa baadaye, watu wakiwa wameshatawanyika. Fedha alilipwa. Kikombe halisi hakukipata. Baada ya wiki kadhaa alipewa kikombe bandia cha mbao kisicho na hata kibandiko cha jina. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba wahesabuji walikosea. Scott mwenyewe aliamini mpaka anaingia kaburini kwamba hawakutaka mtu mweusi asimame jukwaani na kupigwa busu la pongezi na mrembo mzungu, kama ilivyokuwa desturi.

Alishindana mara 495 katika daraja la juu, akawa miongoni mwa kumi bora mara 147. Mwaka 1966 alimaliza msimu akiwa wa sita kwa pointi, jambo la kustaajabisha kwa mtu aliyekuwa akienda viwanjani na vifaa vya kuokoteza. Mei 1973, kwenye ajali ya magari mengi huko Talladega, Alabama, aliumia vibaya, na mwaka huo ukawa wa mwisho wake. Alifariki tarehe 23 Desemba 1990. Kikombe cha Jacksonville kilikuwa hakijafika nyumbani kwake.

Wakati Scott anafariki, mbio za pikapu za NASCAR zilikuwa hazijazaliwa. Wazo la mbio hizo lilitoka mbali na Virginia, kwa watu wa majangwa ya magharibi. Dick Landfield, Jimmy Smith, Jim Venable na Frank Vessels walikuwa wakishughulika na mbio za magari makubwa mchangani, na waliona mustakabali wa mchezo wao si wa uhakika. Wamarekani walikuwa wakinunua pikapu kwa wingi, za kazini na za kutembelea. Kwa nini zisishindanishwe kwenye viwanja vya mviringo, mbele ya majukwaa yaliyojaa watu? Wakampelekea wazo hilo Bill France Jr., rais wa NASCAR. Fundi Gary Collins akaunda pikapu ya mfano, ikaonyeshwa Daytona wakati wa shamrashamra za mbio kubwa za Februari 1994. Mwaka huohuo zikafanyika mbio za majaribio, na watu wakazipenda.

Ligi yenyewe ilianza tarehe 5 Februari 1995 huko Phoenix, Arizona. Mike Skinner alimshinda Terry Labonte kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, na mwisho wa mwaka Skinner akawa bingwa wa kwanza. Misimu hiyo ya mwanzo ilikuwa na utaratibu usiopatikana kwingine: mbio zilisimamishwa katikati kwa dakika chache, kama mapumziko ya mpira, mafundi wakabadili matairi na kurekebisha mashine bila haraka. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Viwanja vingi walivyotumia vilikuwa vidogo mno, havina piti za kutosha kwa magari yote kuhudumiwa mbio zikiendelea, na timu nyingi hazikuwa na fedha za kuwalipa mafundi wa kasi. Martinsville ilikuwamo kwenye ratiba tangu msimu huo wa kwanza.

Pikapu hizi si zile za kubebea saruji. Chini ya bodi kuna fremu ya mabomba ya chuma iliyoundwa kwa ajili ya mbio, injini ya V8, gia nne, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Kinachobaki cha pikapu ni sura: pua pana, kabini iliyosimama, na bodi ya nyuma iliyofunikwa. Sura hiyo ina madhara yake. Kwenye viwanja vikubwa pikapu hupasua tundu kubwa hewani, anayeifuata akavutwa ndani yake, na hivyo husongamana makundi makundi. Kwenye kiwanja kifupi kama Martinsville hewa haina neno kubwa. Kinachoamua ni breki, matairi na subira ya dereva.

Hatari ipo palepale. Dereva John Nemechek alikufa Machi 1997 kutokana na ajali ya Homestead, Florida, na mwenzake Tony Roper alikufa Oktoba 2000 baada ya ajali ya Texas. Februari mwaka huohuo wa 2000, katika mbio za kwanza za pikapu kuwahi kufanyika Daytona, gari la Geoff Bodine lilirushwa kwenye uzio wa mbele ya mashabiki, likapasuka na kuwaka moto, likabingirika huku likigongwa na mengine. Bodine alitolewa akiwa hai, na kabla mwaka haujafika katikati alikuwa amerudi nyuma ya usukani.

Katika ngazi za NASCAR, pikapu ni daraja la tatu la kitaifa, chini ya mengine mawili. Gharama zake ni ndogo kuliko za juu, na kwa hiyo ndipo vijana wanapojaribiwa na wakongwe wanapomalizia. Greg Biffle, Kurt Busch, Kevin Harvick na Carl Edwards wote walipita hapo wakielekea juu. Ron Hornaday Jr. akawa bingwa wa pikapu mara nne. Toyota nayo iliingia NASCAR ya kitaifa kupitia daraja hili hili mwaka 2004, ikiwa na Tundra, kabla ya kuthubutu kwenda ngazi za juu.

Madereva weusi nao walikuta mlango huo uko wazi kuliko mingine. Mwaka 2001 Willy T. Ribbs, mtu mweusi wa kwanza kushindana kwenye mbio za Indianapolis 500, aliendesha pikapu karibu msimu mzima. Baada yake akaja Bill Lester, mhandisi aliyeacha kazi yake katika kampuni ya Hewlett-Packard ili afuate mbio. Mwaka 2003 huko Charlotte, Lester alikuwa na kasi kuliko wote siku ya kupanga nafasi, akawa mweusi wa kwanza kuanza wa kwanza katika mbio za pikapu. Lakini kushinda, hapana. Mwaka 2004 NASCAR ilianzisha mpango wa kukuza vipaji vya wanawake na vijana wasio wazungu, mpango ambao kwa miaka kadhaa ulibezwa kwamba ni wa kupiga picha tu.

Wallace alitoka katika mpango huo. Alizaliwa Mobile, Alabama, tarehe 8 Oktoba 1993, baba mzungu na mama mweusi, akakulia Concord, North Carolina, kwenye eneo ambalo timu nyingi za NASCAR zina karakana zake. Baba yake alikuwa na kampuni ya usafi wa viwandani. Mama yake, Desiree, alikuwa mwanariadha chuoni kabla ya kuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Mtoto alianza kushindana akiwa na miaka tisa, katika vigari vidogo. Mwaka 2010, akiwa na miaka 16, alishinda mbio zake za kwanza katika ligi ya mashariki ya NASCAR iliyo chini ya madaraja ya kitaifa. Mwaka 2013 dereva nyota Kyle Busch, aliyekuwa na timu yake ya pikapu, akamkabidhi Tundra namba 54 kwa msimu mzima. Ulikuwa msimu wake wa kwanza katika daraja hilo.

Oktoba ilipofika alikuwa bado hajashinda.

Siku ya Martinsville alikuwa na gari zuri. Kwenye uwanja huu gari zuri ni lile linalokubali kugeuka katikati ya kona bila dereva kulibembeleza, likatoka bila kuserereka nyuma. Dereva akipata gari la namna hiyo, kazi yake ni kutolichosha. Akikanyaga breki sana mapema, zitaisha kabla ya raundi ya mia na hamsini. Akikanyaga mafuta kwa pupa anapotoka konani, matairi ya nyuma yatachemka na kupoteza mshiko. Wallace aliongoza raundi 96 kati ya 200, na muhimu zaidi, aliongoza 50 za mwisho mfululizo.

Kuongoza hapo si kustarehe. Kila ajali inapotokea bendera ya njano hupepea, magari hupangwa upya pua kwa mkia, mawili mawili, na faida yote aliyokuwa nayo wa kwanza hufutika. Bendera ya kijani ikipepea tena, aliye mbele anakwenda kwenye kona ya kwanza akijua kwamba walio nyuma wana mabampa na wana njaa. Mbio za siku hiyo zilikuwa za vurugu hasa. Zikielekea ukingoni, Kevin Harvick na Ty Dillon waligongana, wakaumizana magari, ugomvi ukahamia piti: Harvick alikwenda kusimamisha pikapu yake pale panapohudumiwa gari la Dillon, na fundi mmoja wa upande wa pili akairushia pikapu ya Harvick nyundo. Walioko jukwaani walikuwa wakiutazama ugomvi huo. Aliyekuwa akiongoza alitakiwa kutazama mbele tu.

Alitazama mbele. Pikapu zilipoanza upya alitoka vizuri, akaishika njia ya ndani, akawaacha wenzake wagombanie nafasi ya pili. Brendan Gaughan ndiye aliyeipata. Wallace akavuka mstari wa kwanza, bendera ya mirabaraba ikapepea kwa ajili yake, kwenye raundi ileile iliyostahili, mbele ya macho ya kila mtu.

Jambo hilo dogo ndilo lenye uzito wote wa siku ile. Mwaka 2013 kila gari lilikuwa limefungwa kifaa kinachotoa ishara, na nyaya zilizozikwa chini ya njia zilihesabu kila raundi kwa sehemu za sekunde. Hapakuwa na karatasi ya kubishania wala saa za kungoja. Kijana alipewa jukwaa, picha na ile saa ya mbao, palepale, alasiri ileile. Wallace hakusita kumtaja Scott. Alijua amekanyaga njia ya nani.

Mwaka uliofuata heshima hiyo ikapewa sura. Mei 2014 Scott alichaguliwa kuingia katika Ukumbi wa Mashujaa wa NASCAR, mtu mweusi wa kwanza. Oktoba, mbio za pikapu ziliporudi Martinsville, timu ya Kyle Busch iliweka kando namba 54. Gari la Wallace likapakwa rangi kwa kumbukumbu ya Scott na kuandikwa 34, namba ileile ya Jacksonville. Tarehe 25 Oktoba 2014 likashinda. Ulikuwa mmoja wa ushindi wanne wa Wallace mwaka huo, pamoja na ule wa uwanja wa udongo wa Eldora, Ohio. Januari 2015 Scott akaingizwa rasmi katika ukumbi huo mjini Charlotte, familia yake ikimwakilisha.

Wallace alipanda ngazi mpaka juu, na Martinsville haikumwacha. Tarehe 10 Juni 2020, wiki mbili na ushei baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis, NASCAR ilipiga marufuku bendera ya majimbo ya Kusini yaliyopigania utumwa, bendera iliyokuwa ikipepea viwanjani tangu enzi za Scott. Wallace alikuwa amedai hadharani iondolewe. Usiku wa siku hiyohiyo alishindana Martinsville akiwa na timu ya Richard Petty, yuleyule aliyepitwa Jacksonville, katika gari jeusi lenye maneno ya kudai kwamba maisha ya watu weusi yana thamani. Alimaliza wa 11. Alitukanwa sana mwaka ule, na hakurudi nyuma.

Tarehe 28 Agosti 2021, uwanjani Daytona, familia ya Scott ilikabidhiwa kikombe cha Jacksonville. Ilikuwa siku moja kabla ya ile ambayo mzee angetimiza miaka 100. NASCAR ilichukua karibu miaka 58 kukamilisha jambo ambalo lingeweza kumalizwa jioni moja, na hakuna sababu ya kulipamba: ni dhuluma iliyotendwa mchana kweupe na kuachwa ikae vizazi viwili. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Oktoba, Wallace alishinda Talladega, palepale Scott alipoumizwa, akiendesha gari namba 23 la timu inayomilikiwa na Michael Jordan na Denny Hamlin. Huo ukawa ushindi wa kwanza wa mtu mweusi katika daraja la juu tangu Scott.

Na pikapu zimeendelea kufanya kazi yake. Tarehe 1 Machi 2024, huko Las Vegas, Rajah Caruth mwenye miaka 21 alishinda mbio za pikapu kwa Chevrolet namba 71. Hakutoka katika familia ya mbio; alijifunza kukata kona kwenye kompyuta, katika mashindano ya kuigiza, kisha akaingia katika mpango uleule uliomlea Wallace. Siku aliposhinda alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu cha Winston-Salem State, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi, kikiwa katika mji ambao mwaka 1952 maofisa walimrudisha Scott nyumbani na gari lake.

Caruth ni mtu mweusi wa tatu kushinda mbio katika madaraja ya kitaifa ya NASCAR, baada ya Scott na Wallace. Watatu, kwa chama kilichoanza 1948, ni idadi ndogo mno. Wawili kati yao walipata ushindi wao wa kwanza kwenye pikapu, na mwaka 2025 Caruth alirudi akashinda tena, safari hii Nashville.